Bwawa la Mwadingusha na miti iliyolindwa kwa karatasi

Mwaka 1930 maji ya mto Lufira, nchini Kongo, yalianza kuzungusha mitambo ya Mwadingusha, penye maporomoko ambayo Wabelgiji waliyaita kwa jina la Jules Cornet, mwanajiolojia wao. Union Minière, kampuni ya migodi, haikujenga bwawa lile ili mama wa kijijini apike bukari, ugali wetu. Umeme ulikwenda Jadotville, Likasi ya leo, kusafisha shaba katika kiwanda cha Shituru. Yeyote anayetaka kujua kwa nini sheria za kulinda miti ya bonde hili hazikuzaa sana, aanzie hapo bwawani.

Miti yenyewe ni ya miombo: muputu, mutondo, mubanga, mulombwa. Kwa urefu haikaribii sequoia, miti mirefu ya California, lakini mubanga mnene unaweza kuwa mzee kuliko jiji la Lubumbashi lililoanzishwa 1910. Adui wake si moto wowote tu. Moto wa mwezi wa sita hukuta nyasi zingali na unyevu, huunguza chini na kuzimika. Wa mwezi wa tisa au wa kumi hukuta kila kitu kimekauka, na ndio wakati miti inapotoa majani mapya mekundu, mvua ikiwa bado. Miche huteketea, gome la mti mkubwa hupasuka, na mwaka unaofuata moto huingilia kwenye kidonda kilekile.

Ng'ambo ya mpaka, huko Ndola, katika Zambia ya leo, maofisa misitu wa Kiingereza walilithibitisha hilo kwa subira ya ajabu. Kuanzia miaka ya 1930 walitenga vipande vya msitu: kimoja kikachomwa mapema kila mwaka, kingine kikachomwa kwa kuchelewa, kingine kikakingwa kabisa. Baada ya miongo michache, kile cha moto wa kuchelewa kilikuwa kimepoteza karibu miti yake yote na kujaa nyasi. Cha moto wa mapema bado kilikuwa na miti.

Upande wetu, katika Kongo ya Wabelgiji, sheria iliandikwa kwa jicho jingine. Dekreti ya misitu ilitoka tarehe 11 Aprili 1949, na mwaka 1953 likafuata agizo juu ya mioto ya pori. Kwa maoni yangu, maandishi hayo yalimwona zaidi mwanakijiji na kiberiti chake; mbao na kuni zilizoliwa na migodi na reli zilikuwa na kibali.

Baada ya uhuru heshima iliongezeka. Mwaka 1982 UNESCO iliitambua Lufira kuwa hifadhi ya biosfea, na tarehe 29 Agosti 2002 ikaja Kanuni ya Misitu, sheria namba 011/2002, iliyofuta dekreti ya 1949. Misitu ikawa mali ya Dola, ikagawanywa kwa madaraja. Ilipitishwa nchi ikiwa bado vitani, wakati ambapo Dola yenyewe haikufika kila mahali.

Wamarekani nao, wenye sequoia zile, hawana la kujivunia katika mambo ya moto. Kwa miongo mingi walizima karibu kila moto, kuni zikarundikana chini ya sequoia, na baada ya ukame wa 2012 hadi 2016 moto wa Castle wa 2020 uliua kati ya asilimia 10 na 14 ya sequoia kubwa zote duniani. Mswada wa kuziokoa sequoia uliwasilishwa katika bunge lao 2022.

Kwetu tatizo limefungamana na sufuria. Mitambo ya Mwadingusha ilifanyiwa ukarabati na kurudi kazini 2021, kwa ushirikiano wa SNEL, shirika la umeme la taifa, na mgodi wa Kamoa-Kakula ulio karibu na Kolwezi, yenye uwezo wa megawati 78 hivi. Mjini Likasi umeme hukatika, na bukari hupikwa kwa makala, yaani makaa ya miti. Mnunuzi hupenda makala mazito yasiyoisha upesi, na miti migumu ndiyo inayoyatoa. Baiskeli iliyobeba magunia inaweza kusimamishwa barabarani na kudaiwa kibali. Mpishi anayeingojea hajapewa njia nyingine ya kuwasha jiko.