Mzima: Maji Yanayotupita Chini ya Miguu

Vijitabu vya watalii bado vinaisifu Mzima kuwa chemchemi ambayo binadamu hajaigusa: viboko, mamba, mikuyu, na kile kijumba cha vioo cha kutazamia samaki chini ya maji. Hajaigusa! Pale pale penye viboko ndipo linapoanzia bomba la Mombasa, kilomita 220 hadi pwani. Sisi wa vijiji vya karibu na Maungu tunaliita laini kubwa. Mama alikuwa akitutuma na mitungi kwenye vali inayovuja, tukapanga foleni pamoja na mbuzi, huku mto mzima ukipita chini ya miguu yetu kwenda kwa wenyewe.

Asili ya maji hayo haina fumbo. Mvua ya milima ya Chyulu huzama katika mawe ya volkano, ikaibukia Mzima, zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, ndipo unapopata uhai mto Tsavo. Mombasa ilikuwa na kiu, chemchemi ya Marere kule Shimba Hills haikuitosha tena, na kufikia 1957 laini kubwa ilikuwa tayari. Maji yanateremka yenyewe.

Wanasiasa wetu wa Taita Taveta hukomea hapo: Mombasa imetupora. Sikubaliani nao. Uporaji ulitangulia, mwaka 1948, serikali ya kikoloni ilipotangaza Hifadhi ya Tsavo, Mzima ikiwa ndani yake. Waata waliowinda humo tangu enzi za mababu wakageuzwa majangili, na Wakamba waliorina asali wakawa wavamizi. Chemchemi ikaachiwa viboko. Wahandisi walipokuja na ramani zao miaka michache baadaye, wangemuuliza mzee gani? Wangemwekea nani mfereji? Mpaka wa hifadhi ulikwisha kuwafagilia njia. Mombasa ilikuta mlango uko wazi, ikaingia.

Yaliyofuata ni ahadi. Uhuru, Katiba ya 2010, ugatuzi, na bomba la pili la Mzima linalofufuka kila msimu wa kampeni. Siku hizi kaunti inadai mrabaha. Haya, ulipwe, lakini fedha hizo zitaingia ofisini, na ofisini hakuna mwenye kiu. Waheshimiwa, toboeni kwanza laini kubwa mtupe mifereji vijijini. Hesabu za mrabaha tutazifanya tukiwa tumeshakunywa.