Ukucha wa Marley

Matatu niliyokuwa nikipanda kwenda chuoni ilichorwa uso wa Bob Marley ubavuni. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini ni huyo Marley aliyenifanya juzi nivue soksi nikague nyayo zangu.

Kwenye wayo wa kushoto nina kidoa cheusi, saizi ya punje ya mtama. Shosho alisema ni alama ya mtu atakayesafiri sana. Mpaka sasa nimefika Mombasa mara mbili.

Mtaani tulikua tukiambiwa Marley aliuawa na jeraha la mpira. Kuumia kidole aliumia, ila si jeraha lililomuua. Mwaka wa 1977 madaktari walipima nyama iliyo chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wake wa kulia, wakakuta melanoma, saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi. Walishauri kidole kikatwe. Akakataa. Waling'oa ukucha, wakatoa nyama ya chini yake na kupandikiza ngozi. Aprili 1980 alikuwa anaimba kwenye uhuru wa Zimbabwe, jijini Harare, ambalo bado liliitwa Salisbury. Septemba akaanguka akikimbia Central Park, New York. Tarehe 11 Mei 1981 alifariki Miami, akiwa na miaka 36.

Na ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Laennec, Mfaransa aliyebuni kile kifaa cha daktari cha kusikilizia kifua, aliueleza mwaka wa 1804. Mwaka wa 1820 William Norris wa Uingereza aliandika kuhusu mgonjwa ambaye uvimbe wake ulianzia kwenye kidoa, na babake alikuwa amekufa kwa ugonjwa kama huo. Ila kanuni rahisi ya mtu kujikagua ilingoja hadi 1985, pale madaktari wa New York walipotoa herufi A hadi D: nusu za kidoa hazilingani, kingo zimeparaganyika, rangi zimechanganyika, upana unazidi milimita 6. Mwaka wa 2004 ikaongezwa E: kinabadilika.

Kwangu mimi hiyo E ndiyo kubwa. Kwetu weusi melanoma ni nadra, lakini ikija hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Nani huangalia huko? Mistari myembamba ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni kawaida yetu. Mstari mmoja mweusi unaozidi kupanuka, au unaotambaa hadi kwenye ngozi, huo peleka kwa daktari. Vivyo hivyo kidoa kinachokua au kutoa damu. Kisichobadilika huachwa tu. Kinachotiliwa shaka hukatwa chote na kupelekwa maabara, ndiyo maana kukichoma na dawa za saluni ni ujinga: utapima nini na kimeshaungua?

Daktari aliniuliza, "Kimebadilika?" Nikabaki kimya. Miaka 26 na sijawahi kukiangalia vizuri. Akakipiga picha kwa simu yangu, rula kando yake: milimita 4. Akasema nikipime tena baada ya miezi mitatu.

Miezi mitatu inaisha Jumatatu. Rula ninayo hapa mezani.