Vipimo vya Uchapishaji wa Wanazuoni wa Mawasiliano na Hali ya Goma

Desturi ya kuupima usomi kwa kuhesabu maandishi ni changa kuliko vyuo vikuu vyenyewe. Mwaka 1926 Alfred Lotka, aliyekuwa akifanya kazi nchini Marekani, alihesabu makala za wanakemia na wanafizikia, akaona kwamba walioandika makala moja ni wengi mno na kwamba idadi hupungua upesi: penye waandishi 100 wenye makala moja moja, huwapo 25 hivi wenye mbili na 11 hivi wenye tatu. Lotka hakukusudia kumpandisha wala kumshusha mtu cheo. Eugene Garfield naye, alipotoa fahirisi yake ya manukuu mwaka 1964, aliwatafutia watafiti njia ya kufuatilia wazo kutoka andiko moja hadi jingine. Chombo hicho cha maktaba kiligeuka mizani ya mwajiri baadaye.

Taaluma ya mawasiliano iliingia katika hesabu hizo kwa kuchelewa. Mwaka 1989 Hickson, Stacks na Amsbary walichapisha katika jarida la Communication Education uchambuzi wa waandishi waliochapisha kwa wingi kati ya mwaka 1915 na 1985. Kazi yao ilikuwa na manufaa kwa wale iliyowalenga, maana ilimpa mkuu wa idara kigezo kisichotokana na dhana yake mwenyewe. Hesabu ile ilikoma mwaka 1985, na mwaka 1986 Baraza la Afrika la Elimu ya Mawasiliano likaanza kuchapisha Africa Media Review huko Nairobi. Kupishana kwa mwaka mmoja ni sadfa tu. Lisilo sadfa ni kwamba hesabu ya namna hii huanza kwa orodha ya majarida, na ambaye jarida lake halimo huhesabiwa kuwa hakuandika, hata kama kalamu yake haipumziki.

Nchini Kongo mizani ilijengwa kwa njia nyingine. Mwaka 1971 vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Mwaka 1981 muungano huo ulivunjwa, na Amri ya Rais namba 81-160 ya tarehe 7 Oktoba mwaka huohuo ikaweka hadhi ya watumishi wa elimu ya juu. Kutoka ngazi ya asistanti hadi ile ya profesa kamili, mwalimu hana budi kuonyesha machapisho. Sharti hilo lilidumu ilhali mazingira yake yalikuwa yakiporomoka: katika miaka ya 1990 mishahara ya serikali ilikosa thamani, wazazi wakalazimika kuchangia malipo ya walimu, na walimu wakafundisha katika vyuo viwili au vitatu ili wapate riziki. Saa za kuandika zilitoka wapi, sharti halikuuliza.

Goma inadhihirisha mambo haya kwa ukali zaidi. Mwalimu wa mawasiliano wa mji huo hufundisha kwa Kifaransa, huhoji watu wanaozungumza Kiswahili, kisha hupimwa kwa fahirisi ambazo sehemu kubwa ya majarida yake ni ya Kiingereza. Majukwaa ya karibu yapo. Pole Institute, iliyoanzishwa Goma mwaka 1997, imetoa jarida la Regards Croisés. Bukavu ina Cahiers du CERUKI ya Chuo cha Ualimu. Yeyote aliyetaka kujua namna uvumi, redio na mkutano wa hadhara vilivyofanya kazi Kivu wakati wa vita alipaswa kuanza na maandishi ya namna hiyo. Katika kipimo alichopendekeza Hirsch mwaka 2005, ambacho huangalia ni makala ngapi za mtu zimenukuliwa angalau mara hizohizo, andiko lisiloonekana katika fahirisi huhesabiwa sifuri.

Lipo na tatizo la jina. Utafiti wa Kivu aghalabu hufanywa kwa ushirika: mgeni huleta fedha na maswali, mwenyeji huleta lugha, njia na usalama. Katika maandishi yaliyojulikana kama Bukavu Series, kuanzia mwaka 2019, watafiti wa eneo hilo walieleza jinsi majina yao yanavyopotea matokeo yanapochapishwa. Wahesabuji wamebuni njia ya kugawa makala kwa idadi ya waandishi, hata kila mmoja wa waandishi wanne apate robo. Ni njia ya haki, lakini robo hupewa aliyetajwa. Asiyetajwa hagawiwi chochote.

Kisha kuna kigawanyo cha muda, yaani makala kwa mwaka. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji; tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena, na siku tano baadaye wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 wakaamriwa kuhama; mwishoni mwa Januari 2025 mji ukatekwa na M23. Kwa mwanafizikia wa Ulaya mwaka ni mwaka. Kwa mwalimu wa Goma, miaka ya namna hiyo huingia katika hesabu kama miaka ya uvivu.

Ajabu ni kwamba miaka hiyohiyo ndiyo yenye maswali makubwa ya taaluma yake. Amri ya kuhama ya Mei 2021 iliwafikiaje watu wa Birere na Majengo, kwa lugha gani, na nani aliaminiwa? Jibu likiandikwa kwa Kiswahili linaweza kusomwa na watangazaji, viongozi wa mitaa na watu wa kutoa tahadhari, kabla mlima haujalipuka tena. Likiandikwa kwa Kiingereza katika jarida la mbali, litampandisha mwandishi cheo. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 lilitaka kazi ipimwe kwa yaliyomo, si kwa jina la jarida. Kwa Goma, hilo lingedai tume ya upandishaji vyeo yenye wajumbe wanaosoma Kiswahili cha kitaaluma, pamoja na maktaba ya chuo inayotunza daftari la kila andiko la walimu wake, likiwamo lile lililopigwa chapa nakala chache na kugawiwa mitaani.