SHIBOLETHI: HERUFI MOJA KATI YA UZIMA NA KIFO

Leo tujifunze neno la Kiingereza ambalo hulisikii sana mtaani: "shibboleth". Maana yake ni neno, matamshi au desturi ambayo kundi fulani hutumia kupima nani ni wetu na nani si wetu. Pia huitwa hivyo msemo wa zamani ambao watu huurudia tu bila kuufikiria.

Waingereza walilitoa kwenye Biblia. Mshairi John Milton alilitaja katika Samson Agonistes, mwaka wa 1671. Kwa Kiebrania, neno lenyewe halina ubaya wowote. Ni suke la nafaka, au mkondo wa maji. Ubaya uliletwa na watu.

Fungua Waamuzi 12:1-6. Waefraimu walimlaumu Yeftha kwamba alienda kupigana na Waamoni bila kuwaita, wakatisha kumteketeza ndani ya nyumba yake. Yeye akasema aliwaita, hawakuja. Matusi yakafuata, kisha vita. Wagileadi wakashinda, wakashika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke "Shibolethi". Mwefraimu hakuweza kutoa hiyo "sh". Akisema "Sibolethi", anauawa. Wakati ule walianguka Waefraimu 42,000.

Sasa angalia hili, mpendwa. Gileadi alikuwa mjukuu wa Manase (Hesabu 26:29). Manase na Efraimu ni wana wa Yusufu, tumbo moja. Hawa walikuwa wanauana ndugu kwa ndugu!

Jambo hili halikuishia kwenye Biblia. Oktoba 1937, chini ya dikteta Trujillo, maelfu ya Wahaiti waliuawa katika Jamhuri ya Dominika. Inasimuliwa kwamba askari waliwaonyesha jani la kiungo liitwalo "perejil" na kuwaambia walitaje. Aliyeshindwa na ile "r" ya Kihispania hakupona.

Na sisi Kenya? Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliwekewa vizuizi barabarani, wakaulizwa kitambulisho na lugha ya mama. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa na watu waliokimbilia humo wakiwa ndani. Miezi hiyohiyo, katika jumba la Tate Modern jijini London, kulikuwa na kazi ya msanii Doris Salcedo wa Kolombia: ufa wa mita 167 sakafuni. Aliuita Shibboleth. Maonyesho yalipoisha ufa ulizibwa, lakini alama yake ilibaki sakafuni.

Mpendwa, alama yetu pia ipo. Ndugu akisimama kutoa ushuhuda na kusema "samba" badala ya "shamba", kanisa zima linacheka. Unaona ni utani tu. Lakini ni ile "sh" ya Yordani! Yeftha na Waefraimu pia walianza na maneno, panga likaja baadaye. Kwenye kikundi chako cha WhatsApp, unasambaza nini msimu wa siasa ukifika?

Mkumbuke Petro. Matamshi yake ya Kigalilaya yalimfichua usiku ule uani (Mathayo 26:73). Lakini siku ya Pentekoste, Mungu hakumrekebisha lafudhi kwanza. Alitumia kinywa kilekile cha Mgalilaya, na watu wapatao 3,000 wakaongezeka (Matendo 2:41). Tena kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha yake mwenyewe. Roho Mtakatifu hasimami kivukoni kupima ulimi wa mtu. Anavusha.

Wiki hii, mtafute mtu mmoja ambaye umekuwa ukimcheka au kumkwepa kwa sababu ya kabila lake. Mpigie simu. Usimpime, msalimie.

OMBI: Bwana, safisha ulimi wangu na masikio yangu. Nisimamishe kivukoni niwavushe watu, nisiwaangamize. Katika jina la Yesu. Amina.