Kilovolti za Kilele na Kilovolti za Kweli katika Jenereta za Eksirei

Jenereta ya eksirei haichomi dizeli. Ni mtambo unaopokea umeme wa gridi, ukaupandisha hadi makumi ya maelfu ya volti na kuuelekeza upande mmoja, ili elektroni zitoke kwenye katodi na kuigonga anodi ya tangsteni ndani ya mrija. Jenereta za kila aina huweza kufikia kilovolti zilizoandikwa kwenye paneli. Kinachozitofautisha ni muda zinaokaa hapo.

Katika jenereta ya njia moja, inayotumia nusu zote mbili za wimbi la umeme wa hezi 50, volteji hupiga mara 100 kwa sekunde, kila pigo milisekunde 10. Paneli ikisoma kilovolti 80, volteji huanza sifuri, hupanda hadi 80 katikati ya pigo, kisha hushuka tena hadi sifuri. Huko ni kuyumba kwa asilimia 100. Nusu ya muda huo volteji iko chini ya kilovolti 57. Kiasi cha mionzi hufuata takriban mraba wa volteji, kwa hiyo kazi yote ya maana hufanyika kwenye kilele. Pigo linapopanda au kushuka, elektroni bado zinaipasha anodi joto, ila mionzi inayozaliwa ni hafifu: sehemu yake hunaswa na kichujio cha alumini, na inayoponyoka huishia kwenye ngozi ya mgonjwa bila kuifikia picha. Mtambo unaotumia nusu moja tu ya wimbi ni dhaifu zaidi, kwani hukaa kimya nusu nzima ya muda.

Umeme wa njia tatu uliziba mabonde hayo. Mawimbi matatu hupishana, na moja likishuka jingine limeshapanda. Kwa mapigo 6 katika kila mzunguko, volteji ya kilovolti 80 kinadharia haishuki chini ya 69. Kwa mapigo 12, haishuki chini ya 77. Uthabiti huo ulikuwa na gharama yake: transfoma kubwa zilizozama kwenye mafuta, kabati zilizojaza chumba, na laini ya njia tatu ambayo zahanati nyingi za vijijini hazina.

Jenereta ya masafa ya juu ilipitia njia nyingine. Umeme hunyooshwa kwanza, ukakatwakatwa na inveta kuwa mkondo geu wa maelfu ya hezi, ndipo ukapandishwa, ukanyooshwa tena na kulainishwa. Masafa yakipanda, transfoma huhitaji chuma kidogo, na ndiyo maana mtambo mzima unaweza kuwa mdogo. Katika mitambo mizuri kuyumba huwa chini ya asilimia 1, ingawa ya bei nafuu huyumba zaidi, na jina “masafa ya juu” peke yake si hakikisho. Faida kubwa ni kwamba mtambo huu unaweza kutumia njia moja, au hata betri. Ule wa kubebeka unaotegemea kapasita ya mikrofaradi 1 hauna uthabiti huo: kila miliampea-sekunde 1 (mkondo wa mrija mara muda wake) inayotumika hushusha volteji kwa kilovolti 1.

Neno “ufanisi” lisipotoshe. Hata jenereta bora haibadili tabia ya tangsteni. Katika kilovolti 100, nishati inayogeuka mionzi haifiki asilimia 1, nyingine yote ni joto. Kilichoongezeka ni mionzi yenye faida kwa kila miliampea-sekunde.

Kwa hiyo, hospitali inapohama kutoka njia moja kwenda masafa ya juu, miliampea-sekunde za chati ya zamani ya kupigia picha hupunguzwa kwa takriban nusu. Chati isipobadilishwa, mgonjwa hupata karibu mara mbili ya mionzi anayohitaji. Zama za filamu kosa hilo lilijitangaza kwa picha nyeusi. Picha ya kidijitali husawazishwa na kompyuta, ikatoka safi.