Mikono Iliyojenga Baada ya Tufani

Ndugu wasikilizaji, juma hili naomba tuzungumzie tufani. Najua wapo watakaoshangaa. Zuzu ipo Dodoma, mamia ya kilometa kutoka baharini, na mvua yetu ya mwaka mzima ni kama milimita 570 tu. Na kwa kuwa watu wa Zuzu tumezoea kutaniwa kwa jina la kata yetu, huenda mtani akasema ndiyo maana tunazungumzia mawimbi tukiwa katikati ya vumbi.

Lakini upepo hauishii ufukweni. Kila mvua za kwanza zinapokaribia, upepo hutangulia, na mara nyingi huondoka na bati la mtu. Kesho yake utawaona vijana wa kwaya na akina mama wa jumuiya wakipita na majembe, ndoo na misumari, wanakwenda kumsaidia aliyeezuliwa. Ni desturi njema, wala sikusudii kuitia doa. Ninachotaka kuuliza leo ni swali la historia: baada ya tufani, ni nani hasa hujenga, na ni nani hukumbukwa kwamba amejenga?

Turudi nyuma hadi tarehe 15 Aprili 1872. Siku hiyo kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na pwani ya Bagamoyo. Jambo hili ni nadra sana katika nchi yetu. Vimbunga vya Bahari ya Hindi husokotwa kwa msaada wa mzunguko wa dunia, na msaada huo hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta. Ndiyo maana vingi hupinda kusini, vikaangukia Madagaska na Msumbiji. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, na wenyeji wake hawakuwa na sababu ya kutazamia balaa la namna ile.

Sultani Barghash bin Said alikuwa hajamaliza miaka miwili katika kiti. Upepo ulizivunja merikebu zake bandarini, na ilimbidi baadaye aagize nyingine Uingereza. Mojawapo ni ile Glasgow ambayo Waingereza wenyewe waliizamisha kwa mizinga mwaka 1896. Mashambani hasara ilikuwa kubwa zaidi. Mikarafuu na minazi ya Unguja iling'olewa kwa wingi mno, wakati Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika. Bei ya karafuu ikapanda, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu hadi leo.

Sasa jiulize, msikilizaji: miche ile mipya iliyopandwa Unguja na Pemba baada ya kimbunga ilipandwa na nani? Ilipandwa na watumwa. Tufani iliwafilisi wenye mashamba, nao wakatafuta mikono zaidi ya kuwarudishia utajiri wao. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari, lakini watu waliendelea kuvushwa kwa magendo kwenda Pemba. Hao ndio wajenzi wa kwanza katika hadithi yetu, na hawakuwa na hiari.

Tuvuke bahari, twende Bagamoyo. Hapo mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua misheni mwaka 1868. Watu wao wengi walikuwa watoto na vijana waliokombolewa utumwani: wengine walinunuliwa sokoni Unguja, wengine walinaswa na manowari za Waingereza ndani ya majahazi, kisha wakakabidhiwa kwa mapadre. Misheni ilikuwa changa, na pwani nzima ilikuwa ndiyo kwanza inapumua baada ya kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, kimbunga kilipofika na kuangusha majengo.

Habari zile zilipanda bara kwa njia ya misafara, na kama kawaida ya habari zinazotembea kwa miguu, zilinenepa njiani. Henry Morton Stanley, aliyekuwa ametoka kupita huku kwetu Ugogo akirudi pwani baada ya kuagana na Dakta Livingstone, aliambiwa kwamba Unguja haikubaki nyumba wala chombo. Haikuwa hivyo. Mji wa mawe uliumia lakini ulisimama. Ila mwenye kibanda cha makuti, kwake habari ile haikuwa na chumvi yoyote.

Misheni ya Bagamoyo ilisimama tena. Kanisa lake la kwanza lilimalizika mwaka huohuo wa 1872, na mnara wake upo hadi leo kwa anayetaka kuuona. Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekuja kwa shughuli ya ule mkataba wa 1873, aliitembelea misheni na kuisifu kuwa mfano wa kuigwa. Februari 1874 mwili wa Livingstone, uliobebwa na akina Chuma na Susi kutoka kijiji cha Chitambo katika Zambia ya leo, ulilazwa hapo kabla ya kuvushwa Unguja.

Tunamjua aliyesifu misheni. Tunawajua mapadre walioiongoza, kuanzia Padre Antoine Horner. Hata wabeba maiti ya Livingstone tunawajua baadhi yao kwa majina, na ni haki yao. Lakini waliopanga mawe, wakachoma chokaa na kubeba maji baada ya kimbunga, katika historia tunayofundishana, hawana majina. Wanaitwa kwa jumla "watoto wa misheni" au "waliokombolewa".

Je, hao walikuwa watu wa kujitolea? Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, maana sitaki nieleweke vibaya. Misheni iliwapa chakula, ikawafundisha useremala, uashi, uhunzi na kilimo, na ikawaepusha na kiboko cha mwenye shamba. Hilo si dogo. Lakini hakuna aliyewauliza kama wanapenda kubaki au la, na wapo waliotoroka. Mtu asiye na uwezo wa kusema "hapana", hata akifanya kazi njema kwa bidii, hatuwezi kusema amejitolea. Kujitolea kuna maana pale tu ambapo mtu angeweza kukaa nyumbani kwake na asiadhibiwe.

Tangu wakati huo, makanisa duniani yamejifunza mengi kuhusu kazi hii, na somo moja kubwa limetoka Afrika. Mwaka 1973 Mmarekani mmoja, Millard Fuller, mwanasheria aliyewahi kuwa tajiri kisha akagawa mali yake, alihamia na familia yake Mbandaka, katika Zaire ya wakati huo, kufanya kazi ya kanisa. Alikaa miaka mitatu. Katikati ya mji ule palikuwa na eneo lililoachwa wazi zama za ukoloni ili kutenganisha makazi ya Wazungu na ya Waafrika. Hapo ndipo walipoanza kujenga nyumba za matofali ya mchanga na saruji kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Aliporudi kwao, mwaka 1976, alianzisha shirika la Habitat for Humanity katika jimbo la Georgia. Kanuni yake ni nyepesi kueleza: nyumba haitolewi bure, wala haiuzwi kwa faida au kwa riba. Mwenye nyumba hulipa kidogo kidogo, na yeye mwenyewe hutoa jasho lake pamoja na wanaojitolea.

Wapo pia Wamenoniti, ambao sisi Watanzania tunawajua zaidi kwa kazi yao ya Shirati, mkoani Mara, tangu mwaka 1934. Huko Marekani wana chombo chao cha kusaidia wakati wa maafa, kilichoanza Kansas mwaka 1950. Kimbunga Katrina kilipoivunja New Orleans na pwani ya jirani tarehe 29 Agosti 2005, waumini wa makanisa mengi, Wamenoniti wakiwamo, waliacha kazi zao kwa wiki au miezi, wakaenda kutoa matope ndani ya nyumba za watu wasiowajua na kuezeka upya. Wamenoniti huanza na wazee, walemavu na wasio na uwezo wa kujijengea, badala ya kuanza na mwenye sauti kubwa.

Kwa nini nawasumbua na mambo ya Mbandaka na Marekani? Kwa sababu yanarudi moja kwa moja hapa Ugogo, kwenye tembe.

Tembe limesemwa vibaya miaka mingi. Wakati wa Operesheni Dodoma, mwaka 1971, wananchi wengi wa mkoa huu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na wimbo ulikuwa nyumba bora. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Nia ilikuwa nzuri, na nyumba ya matofali ina faida zake. Lakini wazee waliojenga tembe hawakuwa wajinga. Paa lake ni bapa, la boriti na fito zilizofunikwa udongo. Ni zito na liko chini, kwa hiyo upepo hupita juu yake bila kupata pa kushika. Adui wa tembe ni mvua ya mfululizo, inayolowesha udongo wa paa hadi likaelemea nguzo. Adui wa bati ni upepo, hasa bati lililopigiliwa misumari michache juu ya kenchi ambayo haikufungwa ukutani kwa waya wala haikukalia lenta. Kila nyumba ina adui yake, na anayemjua ni yule anayelala ndani.

Katika pitapita zangu za kazi nilimkuta bibi mmoja ambaye kundi la kujitolea lilimjengea nyumba ya vyumba viwili baada ya tembe lake kuanguka kwa mvua. Nyumba ni nzuri, imepigwa lipu na mlango una kufuli. Bibi anashukuru kwa moyo wote. Ila mtama wake uko nje chini ya turubai, kwa sababu vilindo havipiti mlangoni, na ndama wake mmoja amechukuliwa na fisi, maana katika tembe ndama alilala ndani na katika nyumba mpya hana pake. Nilipomuuliza kwa nini hakusema mapema, alijibu kwamba mtu anayepewa hapangi, na kwamba wale vijana walikuwa na haraka ya kurudi kwao.

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Nimesema kwamba anayejitolea ni lazima awe na uwezo wa kusema "hapana". Sasa naongeza kwamba hata anayesaidiwa anahitaji uwezo huohuo. Akinyimwa nafasi ya kusema mlango uelekee wapi na ndama alale wapi, msaada unamgeuza mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Na maafa, ndugu zangu, hayajaisha. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Machi 2015 mvua ya mawe na upepo viliangusha nyumba za udongo Mwakata, wilayani Kahama, bara kabisa, na watu zaidi ya 40 walikufa. Desemba 3, 2023 matope kutoka Mlima Hanang yalifunika sehemu ya mji wa Katesh. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na barabara ya kwenda Lindi ikakatika Kilwa. Bahari inazidi kupata joto, na joto la bahari ndiyo chakula cha vimbunga. Tutawahitaji sana watu wa kujitolea, wa makanisa, wa misikiti, na hata wasio wa dhehebu lolote.

Kwa hiyo natoa maombi matatu kwa vijana wetu wanaobeba ndoo na misumari. La kwanza, kabla ya kuchimba msingi, kaeni na mwenye nyumba mumwulize anavyoishi, na ikiwezekana afanye kazi pamoja nanyi, hata kama ni kuwapikia mlenda na ugali wa mtama. La pili, mtafuteni fundi wa hapohapo, kwa sababu bidii bila ufundi huezuliwa na upepo unaofuata. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nasema usipofunga kenchi utafukuzia bati mashambani. La tatu linawahusu viongozi. Mkimaliza nyumba, msiandike katika daftari la kanisa jina la mchungaji na la mfadhili peke yake. Andikeni la fundi, la msichana aliyechota maji, na la bibi mwenye nyumba.

Karatasi ya kuandika majina hayo ni ya bei ndogo kuliko mfuko mmoja wa saruji. Waliojenga Bagamoyo mwaka 1872 hawakuandikiwa hata hiyo, na leo ukipapasa mawe ya mnara ule unagusa kazi ya watu ambao huwezi kuwaita kwa jina.

Nawatakia juma jema, na mvua za kutosha zisizo na upepo.