Mukau: Mti wa ukame wenye mbegu ngumu kuota

Katika nyanda kame za Mwingi, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, mukau ni miongoni mwa miti ambayo wakulima huiacha imesimama wanapofyeka shamba. Wataalamu huuita Melia volkensii. Ni wa jamaa moja na mwarobaini, na asili yake ni maeneo makavu ya Kenya, Tanzania, Ethiopia na Somalia. Huridhika na mvua ya milimita 300 hadi 800 kwa mwaka, mradi maji yasituame.

Mbao zake ni za wekundu wa kahawia, hazishambuliwi kwa urahisi na mchwa, na hulinganishwa na za mkangazi. Hutengenezewa milango, madirisha na mizinga ya nyuki. Majani mapya huchipuka kiangazi kingali kikali, wakati ambapo mbuzi hawana malisho mengine.

Mti hufaa kupasuliwa mbao baada ya miaka 10 hadi 15, muda mfupi kwa mbao za aina hiyo. Mbona basi haujaenea kila shamba? Kikwazo ni kokwa. Mbegu zimo ndani ya ganda gumu kama mfupa, na zikipandwa na ganda lake huota chache mno. Wazee waliokota kokwa zizini baada ya mbuzi kula matunda, au walichoma takataka juu yake.

Njia ya kitaalamu ni kupasua kokwa kwa kisu na nyundo bila kuumiza mbegu, kukwaruza ncha ya mbegu, kuiloweka usiku kucha, kisha kuchana ngozi yake kwa wembe na kuipanda katika mchanga wenye joto. Maji yakizidi kitaluni, kuvu huozesha miche.

Kati ya mwaka 2012 na 2017, Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya (KEFRI) na shirika la Japani, JICA, zilichagua miti mama bora 100 na kuanzisha mashamba ya mbegu Tiva, Kitui, na Kibwezi, Makueni.

Mkulima aondoe machipukizi ya pembeni yangali machanga ili shina linyooke. Dai la vijijini kwamba mukau haudhuru mazao lisipokelewe hivi hivi: utafiti umeonyesha kuwa mizizi yake hushindana na mahindi. Ni afadhali kuupanda mipakani, au kwenye shamba la peke yake.